Kwa nini yoti za matajiri wa dunia huundwa Viareggio, Bremen na Kaag

Februari 2023, kwenye bandari ya Mwanza Kusini, MV Mwanza ilishushwa kwa mara ya kwanza kwenye maji ya Ziwa Victoria. Ina urefu wa mita 92.6, imeundwa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, na imegharimu zaidi ya shilingi bilioni 100. Sasa chukua yoti, yaani chombo cha starehe chenye urefu kama huo, kilichoundwa miaka hiyohiyo kwenye karakana ya Uholanzi kwa ajili ya tajiri mmoja. Mara nyingi hakibebi wageni zaidi ya 12. Bei yake ni mara kadhaa ya ile ya MV Mwanza, na aliyekiagiza amesubiri miaka mitatu au minne tangu aliposaini mkataba.

Hapo pana maswali mawili. La kwanza ni la fedha: zinaingia wapi zote hizo? La pili ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu majibu yake hayaonekani kwa urahisi. Meli za biashara za dunia leo huundwa China, Korea Kusini na Japani. Nchi hizo tatu zina zaidi ya asilimia 90 ya kazi yote ikihesabiwa kwa ujazo wa meli. Wanunuzi wa yoti kubwa wengi wako Marekani, Ghuba na kwingineko mbali na Ulaya. Kwa nini basi mtu anayeweza kuagiza chochote kutoka popote anaishia kupanga foleni kwenye mji wa Italia wenye wakazi kama 60,000, au kwenye kisiwa cha Kaag huko Uholanzi, kilichozungukwa na malisho ya ng'ombe?

Tuanze na fedha.

Wageni 12 na namba 499

Idadi ya wageni haitokani na ufinyu wa vyumba. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unasema chombo kinachobeba abiria zaidi ya 12 ni meli ya abiria, na meli ya abiria inabanwa na masharti mazito ya boti za uokozi, ya kuta za kuzuia moto na ya uwezo wa kuelea sehemu moja ikiingia maji. Wenye yoti hawataki boti za rangi ya machungwa zining'inie ubavuni. Kwa hiyo wanabaki kwenye 12. Mwaka 1997 Uingereza ilitoa kanuni za kwanza za yoti kubwa za kukodisha, na kwa kuwa yoti nyingi hupeperusha bendera zenye uhusiano na Uingereza, kama ya Visiwa vya Cayman, kanuni hizo na zilizozifuata ndizo zilizoelekeza maumbo ya vyombo hivi.

Kuna mipaka mingine. Urefu wa mita 24 ndio unaotenganisha boti ya kawaida na yoti kubwa. Kisha inakuja GT, kipimo ambacho watu wengi hudhani ni uzito, kumbe ni ujazo wa nafasi yote iliyofungwa ndani ya chombo. Ukivuka GT 500, masharti ya ujenzi, ya vyeti vya mabaharia na ya ukaguzi yanapanda ghafla. Ndiyo maana ukipitia orodha za yoti utakuta nyingi zina GT 499. Mchoraji amekata kona ya chumba, amefungua upenyo ukutani ili eneo lihesabike kuwa la nje, amefanya kila linalowezekana asiivuke namba hiyo.

Ndani ya ujazo huo kunabanwa vitu vya kutosha mji mdogo: injini, jenereta, mitambo ya kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, viyoyozi, jikoni mbili, mapezi ya kuzuia chombo kuyumba hata kikiwa kimetia nanga. Sakafu za vyumba haziunganishwi moja kwa moja na chuma. Zinakalia mpira ili mtikisiko wa injini usifike kitandani. Kiwango cha kelele kwenye chumba cha mwenye chombo huandikwa ndani ya mkataba kwa desibeli, na hupimwa wakati wa majaribio baharini. Kikizidi, mjenzi anafumua na kurudia.

Lakini kama kuna kazi moja inayoeleza bei ya yoti, ni rangi. Bamba la chuma likichomelewa hujikunja kwa joto. Kwenye meli ya mizigo hakuna anayejali. Ukiitazama kwa ubavu jua likiwa chini unaona mbavu zake zote kama za punda aliyekonda. Mwenye yoti anataka ubavu unaoakisi mawimbi kama kioo. Basi chombo kizima kinafunikwa kwa hema, joto na unyevu vinadhibitiwa, na mafundi wanapaka puti kwenye ubavu wote kwa bapa refu. Ikikauka wanapiga msasa kwa mbao ndefu zinazoshikwa na watu wawili, wakivuta kwa mshazari, mara huku, mara kule. Wanapitisha rula ndefu inayopinda, wanamulika kwa taa ya ubavuni kutafuta kivuli, wanatia alama kwa penseli palipobonyea, wanapaka tena. Mzunguko huo unarudiwa kwa miezi. Kwenye yoti kubwa puti peke yake hufikia tani kadhaa. Mwishoni kundi la wapigaji rangi linaanza kwa wakati mmoja, kila mtu jukwaa lake, wakienda sambamba ili rangi ya mmoja isikauke kabla haijakutana na ya mwenzake. Mkono wa fundi hapo unajua mambo ambayo hayajaandikwa popote.

Sitaha nayo ina hadithi yake. Kwa miaka mingi mti uliotakiwa ulikuwa msaji wa Myanmar, uliokua polepole kwenye misitu ya asili, wenye nyuzi zilizonyooka na mafuta mengi. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Februari 2021, Umoja wa Ulaya na Uingereza waliliwekea vikwazo shirika la serikali linalouza mbao hizo, na mwaka 2024 kampuni ya Sunseeker ya Poole, Uingereza, ilitozwa faini mahakamani kwa kuingiza mbao bila kuhakiki asili yake. Msaji wa mashamba, kama ule wa Longuza na Mtibwa nchini Tanzania, hukua haraka na pete zake ni pana, kwa hiyo wajenzi walizoea kuutazama kama wa daraja la pili. Sasa wanalazimika kuufikiria upya, pamoja na mbao zilizotiwa dawa na sitaha za kutengenezwa kiwandani.

Darsena ya Viareggio

Viareggio iko kwenye pwani ya Toscana, chini ya milima inayotoa marumaru ya Carrara. Karne ya 19 mji ulikuwa na mfereji, bandari ndogo na mafundi waliounda majahazi ya kusafirisha marumaru, divai na mafuta ya zeituni kwenye Bahari ya Kati. Mwaka 1873 Lorenzo Benetti alianzisha karakana yake hapo. (Mwaka huohuo ndipo kanivali maarufu ya Viareggio ilipofanyika kwa mara ya kwanza, na mji huo hadi leo una watu wa aina mbili wanaoheshimiwa sana kwa kazi ya mikono: waundaji wa sanamu za karatasi za kanivali na waundaji wa vyombo.) Kulikuwa na mafundi wa shoka waliochonga mkuku na mataruma, na kulikuwa na wakalafati waliojaza pamba na lami kati ya mbao. Mtu aliyewahi kukaa ufukweni Nungwi ya Unguja au Matondoni ya Lamu, kunakoundwa majahazi, angeielewa kazi yao bila mkalimani.

Chuma na injini vilipoua biashara ya majahazi ya mizigo, Viareggio ilikuwa na mafundi wengi na kazi chache. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia walianza kugeukia boti za starehe. Nasema walianza, kwa sababu haukuwa mpango wa serikali wala wa benki. Karakana moja ilipata oda, ikahitaji fundi bomba, fundi bomba akapata kazi kwenye karakana ya jirani, mwanawe akafungua duka la vifaa vya shaba, na baada ya miaka thelathini ukawa na mtaa mzima, unaoitwa Darsena, ambamo kila kitu kinachohitajika kwenye yoti kinapatikana kwa kutembea kwa miguu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Karakana yenye jina kubwa haiundi yoti peke yake. Inasaini mkataba, inaweka ramani, inatoa banda na wasimamizi, kisha kazi inagawanywa kwa kampuni ndogo, nyingine zina watu watano, nyingine hamsini. Mmoja anafanya mabomba ya chuma cha pua tu. Mwingine anashona makochi. Mwingine anakata marumaru hadi unene wa milimita chache na kuibandika juu ya ubao mwepesi wenye matundu kama sega la nyuki, kwa sababu bafu la marumaru halisi lingeifanya yoti iwe nzito juu na iyumbe. Mara nyingi hata bodi ya chuma haiundwi palepale. Inachomelewa kwenye mji mwingine au nchi nyingine ambako chuma ni kazi ya kila siku, kisha inavutwa kwa maji hadi itakapomaliziwa.

Faida ya mpangilio huu ni kwamba fundi hakai bure. Yoti moja ikiisha upakaji rangi, kundi linahamia banda la pili. Hasara ya karakana moja kukosa oda inapunguzwa na jirani mwenye oda mbili. Na ujuzi unahama pamoja na watu: kosa lililogunduliwa kwenye chombo cha kampuni hii linajulikana kwenye kampuni ile kabla ya wiki kwisha, kwa sababu mafundi ni walewale. Tajiri anaweza kujenga banda jipya jangwani kwa mwaka mmoja. Mtaa wa namna hii hawezi kuununua na kuuhamisha, maana nusu ya thamani yake ni watu kujuana.

Ukweli huo ulijaribiwa vibaya mwaka 1980. Benetti ilikabidhi Nabila, yoti ya mita 86, kwa mfanyabiashara wa silaha Msaudia Adnan Khashoggi, aliyeipa jina la binti yake. Ilikuwa na uwanja wa helikopta, sinema na disko, na dunia ilikuwa haijaona kitu kama hicho kwa mtu asiye mfalme. Ujenzi wake nusura uiue Benetti. Tatizo ni la kawaida katika kazi hii: bei imewekwa kwenye mkataba, malipo yanakuja kwa awamu, lakini mwenye chombo anaendelea kubadili mawazo, na kila badiliko linasukuma mengine kumi. Ukisogeza ngazi, mabomba yanahama. Mabomba yakihama, nyaya zinahama. Na fundi aliyekwishamaliza kazi yake anarudi kulipwa mara ya pili. Mjenzi asiyejua kuandika na kutoza kila badiliko anafilisika huku banda limejaa kazi. Mwaka 1985 Benetti ilinunuliwa na Azimut, kampuni ya Paolo Vitelli wa Torino. Nabila yenyewe baadaye ilimilikiwa na Donald Trump, kisha na mwanamfalme Alwaleed bin Talal.

Kilichonivutia kwenye mkasa huo ni kwamba jina lilibadilika mikono lakini kazi haikuondoka Viareggio. Mafundi walikuwa palepale, na mmiliki mpya alikuwa analipia kuwapata wao. Vivyo hivyo Livorno, kusini zaidi kwenye pwani hiyohiyo: uwanja wa zamani wa familia ya Orlando uliounda manowari na meli za biashara tangu karne ya 19 ulipokosa kazi, Benetti iliingia mwaka 2003, na kwenye mabanda hayo zikaja kuundwa yoti za zaidi ya mita 100. Kwa idadi ya oda za vyombo vya kuanzia mita 24, Italia imeongoza dunia kwa miaka mingi mfululizo.

Kaskazini: mito, mifereji na siri

Ujerumani na Uholanzi ziliingia kwa mlango mwingine. Friedrich Lürssen alifungua karakana yake karibu na Bremen mwaka 1875, na mwaka 1886 karakana hiyo iliunda Rems, inayotajwa kuwa boti ya kwanza duniani yenye injini ya petroli, kwa ajili ya Gottlieb Daimler. Kutoka hapo kampuni ikajulikana kwa boti za kasi, kisha za kivita. Uhusiano wa manowari na yoti si wa bahati mbaya. Vyombo vyote viwili vinabanwa mitambo mingi ndani ya nafasi ndogo, vyote vinatakiwa kuwa kimya, na mteja wa aina zote mbili anataka siri. Yoti huundwa ndani ya banda lililofungwa, kwa jina la bandia la mradi, na wafanyakazi huweka saini ya kutosema kitu.

Majirani wa Lürssen kwenye mto Weser walikuwa majitu. AG Weser, iliyounda meli kubwa za mafuta, ilifungwa mwaka 1983. Bremer Vulkan, iliyokuwa kilele cha uundaji meli wa eneo hilo, ilifilisika mwaka 1996 na kuunda meli yake ya mwisho mwaka 1997. Asia ilikuwa inaunda meli hizohizo kwa bei nafuu zaidi, na ruzuku hazikutosha kuziba pengo. Maelfu ya wachomeleaji, mafundi umeme na wachoraji walibaki kwenye miji ileile. Kampuni ya familia iliyokuwa inaunda vyombo vichache vya bei kubwa ndiyo iliyosalia, na ilisalia ikiwa imezungukwa na watu wanaojua kazi. Mwaka 2013 Lürssen ilikabidhi Azzam, yenye mita 180, ndefu kuliko yoti zote za binafsi duniani, kwa mteja wa Umoja wa Falme za Kiarabu.

Uholanzi ilianza kwa ushirika. Mwaka 1949, nchi ikiwa bado inajijenga baada ya vita na watu wake hawana fedha za starehe, wajenzi kadhaa wadogo waliungana kwa jina la Feadship ili wauze Marekani. Walioshika jina hilo hadi leo ni familia za De Vries na Van Lent. Karakana zao za asili ziko ndani ya nchi, kwenye maziwa na mifereji: Aalsmeer, mji wa maua, na Kaag, kisiwa kilicho karibu na Leiden. Kwa hiyo yoti ikiisha, inapaswa kufikishwa baharini kwa kuvutwa kupitia katikati ya mashamba na vitongoji. Nahodha wa tagi, boti ya kuvuta, yuko mbele, mwingine nyuma, madaraja yanafunguliwa moja baada ya jingine, mapipa ya mpira yananing'inizwa ubavuni, na wakazi wanatoka na viti vyao kuketi ukingoni wakiangalia chombo cha mita 90 kikipita hatua chache tu kutoka kwenye madirisha ya jikoni zao. Mahali pengine nafasi kati ya chuma na ukuta wa mfereji ni ya kuingiza mkono tu. Upana wa milango ya mifereji hiyo ndio unaoamua ukubwa wa yoti za karakana hizo, na mwaka 2019 Feadship ilifungua karakana mpya Amsterdam, kwenye maji mapana.

Mwaka 2022 jambo hili la njia lilizua mtafaruku Rotterdam. Karakana ya Oceanco ilikuwa inaunda yoti ya milingoti mitatu yenye mita 127 kwa Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, na ilielezwa kwamba daraja la reli la De Hef, lililojengwa mwaka 1927 na kupendwa sana na wenyeji, lingefunguliwa sehemu yake ya katikati ili milingoti ipite. Watu wakaahidi kuja na mayai viza. Ombi la kibali likaachwa, na Agosti mwaka huo chombo kikavutwa usiku, bila milingoti, kwa njia ndefu inayokwepa daraja. Wenyeji wanazipenda ajira za karakana zao, na wanaipenda karakana yenyewe. Lakini kuna kiwango ambacho mji hauko tayari kukunja goti, na naona walikuwa na haki.

Yoti ya Sultani na mto uliopoteza kazi

Mikoa ya namna hii huweza pia kufa, na mfano mmoja ulifika hadi Forodhani. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kuvunja vyombo vya Sultani Barghash. Mwaka uliofuata manowari ya Uingereza, HMS Glasgow, ilitia nanga Unguja, na Sultani akavutiwa nayo kiasi cha kuagiza yake ya mtindo huohuo. Oda ilikwenda kwa William Denny and Brothers wa Dumbarton, kwenye mto Clyde huko Scotland. Ikashushwa majini mwaka 1878 ikiwa na vyumba vya kifahari, ikagharimu zaidi ya paundi 32,000, na ikaitwa Glasgow. Ilipofika, Sultani hakuipenda. Ilikaa nanga kwa miaka hadi tarehe 27 Agosti 1896, ilipozamishwa na Waingereza kwenye vita vya chini ya saa moja, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini mbele ya mji.

Wakati huo hakukuwa na mahali pengine pa kupeleka oda hiyo kwa uhakika kama Clyde. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia mto huo ulikuwa unaunda karibu moja ya tano ya meli za dunia, na pia yoti za mbio, na hata yoti ya kifalme Britannia ilishushwa hapo mwaka 1953. Kisha meli kubwa zikaondoka. Denny ilifungwa mwaka 1963. Mwaka 1971 karakana kadhaa zilizounganishwa zilianguka kwa pamoja, wafanyakazi wakakataa kuondoka, wakaendelea na kazi. Kazi za manowari zimebaki, ila oda za masultani wa leo haziendi tena Clyde. Sultan Qaboos wa Oman aliagiza Al Said ya kwanza, ya zaidi ya mita 100, kwa Picchiotti wa Viareggio mwaka 1982, na ya pili, ya mita 155, ilitoka kwa Lürssen mwaka 2008. Clyde ilikuwa na mafundi wengi kuliko miji hiyo yote. Ilichokosa ni karakana za kati zilizozoea kuunda vichache kwa uangalifu, za kuwapokea mafundi majitu yalipoanguka. Na fundi aliyekaa miaka kumi bila kazi yake hamfundishi mtu.

Hatari inayobebwa na wadogo

Udhaifu mkubwa wa sekta hii ni kwamba wateja ni wachache mno. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, Dilbar, yoti ya mita 156 inayohusishwa na tajiri wa Urusi, ilikuwa Hamburg kwa matengenezo. Vikwazo vikaikuta na kuifunga hapohapo. Trieste, serikali ya Italia ilizuia Sailing Yacht A, inayohusishwa na tajiri mwingine wa Urusi, na tangu hapo inalipia matunzo yake. Iliyoiunda, Nobiskrug ya Rendsburg, ilikuwa tayari imefilisika mwaka 2021. Ikanunuliwa, ikaunganishwa na karakana ya Flensburg, ikafilisika tena Desemba 2024, kabla Lürssen haijauchukua uwanja wa Rendsburg. Perini Navi ya Viareggio, iliyobadili sura ya yoti za matanga, nayo ilifilisika mwaka 2021 na mali zake zikauzwa kwa mnada.

Jina likifilisika, jina hununuliwa. Anayebaki na ankara isiyolipwa ni fundi mwenye watu watano aliyekwishanunua chuma cha pua kwa fedha yake. Kwa maoni yangu hili ndilo doa kubwa la mfumo mzima: unyumbufu unaosifiwa ni wa karakana kubwa, na gharama yake inabebwa na karakana ndogo, ambazo ndizo zenye ujuzi. Vijana wa Viareggio wanaliona hilo. Kupiga msasa ndani ya hema kwa miezi, kwa mkataba unaokwisha na chombo, ni kazi ngumu kumshawishi kijana mwenye chaguo, na nafasi hizo zinazidi kujazwa na wahamiaji.

Wenye fedha wamelielewa suala la mikoa kuliko wanasiasa wengi. Kampuni ya Kichina ya Weichai ilipotaka kuingia kwenye yoti mwaka 2012, ilinunua asilimia 75 ya Ferretti, mjenzi wa yoti wa Kiitaliano, na kuiacha Italia. Mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia ulichukua asilimia 33 ya Azimut-Benetti mwaka 2023, haukuihamishia Jeddah. Aliyejaribu kujenga nyumbani tangu chini ni Gulf Craft ya Falme za Kiarabu. Ilianza mwaka 1982 na boti ndogo za uvuvi na matembezi, na ilifika mwaka 2020 ndipo ikashusha Majesty 175, yoti ya mita 54. Karibu miaka arobaini, kwenye nchi isiyo na shida ya mtaji.

Kwa pwani yetu, anayeota kuunda yoti za kifahari Unguja au Lamu aanze kuangalia kinachokosekana. Mikono ipo. Fundi wa Nungwi anasimamisha mataruma kwa jicho, bila ramani, na jahazi linatoka limenyooka. Lakini bima hailipi kwa jicho. Inataka michoro, hesabu za uthabiti na muhuri wa mkaguzi wa daraja za vyombo. Inataka pia duka la karibu lenye pampu na boliti za chuma cha pua, na fundi umeme anayejua chumvi inavyokula nyaya.

Njia fupi kuliko zote za kupata vitu hivyo ni matengenezo. La Ciotat, kusini mwa Ufaransa, karakana ya meli kubwa ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na wafanyakazi wakaikalia kwa miaka wakikataa ivunjwe. Hawakurudishiwa meli kubwa. Zilikuja yoti zinazohitaji kupakwa rangi upya, kubadilishiwa jenereta, kukaguliwa kila baada ya miaka mitano, na leo bandari hiyo ni kati ya vituo vikubwa vya matengenezo ya yoti kwenye Bahari ya Kati, na winchi kubwa ya zamani bado imesimama juu ya mji. Kila msimu kuna boti za matanga za wageni zinazopita Kilifi, Tanga na Unguja zikisubiri vipuri na fundi wa kuaminika, na nyingi huondoka na kwenda kutengenezwa Afrika Kusini.